Simu Ni ya Nani? Mwongozo wa Kuchagua Mbinu za Kuwatafiti Watumiaji wa Zana za Afya za Kidijitali Nachingwea na Ruangwa

Muulize muuguzi wa zahanati ya kijijini anaionaje programu aliyoletewa kwenye kishikwambi, na jibu lake unaweza kuliandika kabla hajafungua kinywa: ni nzuri, inatusaidia, isipokuwa mtandao unasumbua. Muulize mama aliyekuwa akipokea ujumbe mfupi wa ujauzito, naye atashukuru, kisha atataka kujua kama mradi utaendelea. Majibu haya si ya uongo. Ni adabu ya mwenyeji kwa mgeni aliyekuja na gari, daftari na barua ya mkurugenzi. Na ni hesabu pia, kwa kuwa mradi unaosifiwa hurudi na unaolalamikiwa huondoka na vifaa vyake. Tabu huanza pale mtafiti anapoyabeba majibu hayo jinsi yalivyo, akayapanga katika dhamira nne au tano, akaandika kwamba watumiaji wameipokea teknolojia. Mwongozo huu ni wako wewe unayejiandaa kwenda Nachingwea au Ruangwa kuchunguza uzoefu wa watu na zana hizi, na ambaye hujaamua utahoji, utatazama au utakusanya vikundi. Hoja yangu ni moja. Usichague mbinu kwa sababu unaijua, wala kwa sababu bajeti inaipenda; chagua kwa kuangalia matumizi yenyewe yanatokea wapi, na kati ya nani na nani. Katika wilaya hizi mbili ni nadra matumizi hayo kuwa ya mtu mmoja na simu yake. Yanapita mikononi mwa watu watatu au wanne. Kwa hiyo anza kwa kutazama, fuata tukio moja mpaka mwisho wake, ndipo uhoji. Vikundi viache mwisho, tena kwa kazi maalumu.

Kusini si pageni kwa vifaa vya namna hii. Mwaka 2004, wakati vijiji vingi vya huko bado havina simu za mkononi, watafiti wa kituo cha utafiti wa afya cha Ifakara na wenzao walipita kwenye kaya zaidi ya 20,000 za wilaya tano, Nachingwea na Ruangwa zikiwemo, wakijaza majibu kwenye kompyuta ndogo za mkononi badala ya karatasi. Jirani yao, Lindi Vijijini, ilikuwa moja ya wilaya tatu za majaribio ya SMS for Life mwaka 2009 na 2010, pamoja na Kigoma Vijijini na Ulanga. Kila wiki mhudumu wa kituo alitumiwa ujumbe kuulizwa akiba ya dawa za malaria, akajibu kwa tarakimu, akaongezewa muda wa maongezi. Vituo vilivyoishiwa angalau aina moja ya dawa hizo vilishuka kutoka asilimia 78 wiki ya kwanza hadi 26 wiki ya 21. Miaka michache baadaye Lindi Vijijini hiyohiyo ikapokea mradi wa QUALMAT, uliofadhiliwa na Umoja wa Ulaya na kuwashirikisha watafiti wa Muhimbili: kompyuta mpakato iliwekwa kituoni ili imwongoze mkunga hatua kwa hatua kwenye kliniki ya wajawazito na wakati wa kujifungua. Wahudumu waliipenda, lakini kazi nyingi na umeme usioaminika vikabaki kuwa vikwazo.

Zitazame takwimu za SMS for Life kwa heshima, kisha jiulize ni nini hazikusema. Hazikusema ni nani aliyehesabu paketi rafuni na nani aliyekadiria. Hazikusema kama ujumbe ulijibiwa na mganga mfawidhi mwenyewe au na mhudumu aliyekabidhiwa simu kwa sababu bosi yuko semina. Hazikusema ile zawadi ya muda wa maongezi ilikuwa chambo, ujira au takrima, na hilo lina uzito, maana kinachofanywa kwa ajili ya ujira hukoma ujira ukikoma. Hali ni hiyohiyo kwa jaribio kubwa la Mtunze Mtoto Mchanga, lililowatuma watu wa kujitolea nyumba kwa nyumba katika wilaya sita za Lindi na Mtwara, Ruangwa na Nachingwea zikiwamo. Matokeo yake yalipochapishwa mwaka 2015, baadhi ya mienendo ya kumhudumia mtoto ilikuwa imebadilika kuwa mizuri, lakini vifo vya watoto wachanga havikuonekana kupungua. Takwimu zilikuwa na uwezo wa kutangaza hilo. Kueleza nini kilitokea kati ya neno la mgeni na kitendo cha mama saa nane za usiku, hapo ndipo utafiti wa kimaelezo unapoitwa. Tena Nachingwea, kuliko pengine wilaya nyingine yoyote nchini, isingepaswa kukumbushwa jambo hili. Mpango wa karanga wa Waingereza ulifika huko na matrekta, ukajengewa hata reli kutoka Mtwara, ukavunjwa mwaka 1951 kwa hasara ya pauni zipatazo milioni 36. Mashine hazikukosekana, ardhi, mvua na watu ndivyo ambavyo havikuulizwa mapema.

Sasa tuje kwenye swali la kwanza la kazi yako: mtumiaji ni nani? Chukua huduma ya Wazazi Nipendeni, iliyozinduliwa Novemba 2012, ambapo mjamzito alituma ujumbe bure kwenda 15001 na kuanza kupokea mawaidha kulingana na umri wa mimba yake. Kwenye karatasi ya mradi mtumiaji ni mama. Kwenye nyumba ya Mbekenyera au Kilimarondo, simu inaweza kuwa ya mume, laini imesajiliwa kwa alama za vidole za shemeji kwa sababu mwenyewe hana kitambulisho cha taifa, msomaji ni mtoto wa darasa la sita, na chaji inapatikana dukani mara mbili kwa wiki. Ukimhoji mama peke yake kwa saa nzima utapata maelezo yake kuhusu jambo ambalo sehemu kubwa yake ilitokea pasipo yeye. Kabla ya mahojiano yoyote, chora njia ya ujumbe. Omba uonyeshwe ujumbe wa mwisho uliopokelewa, kisha uliza: uliingia saa ngapi, simu ilikuwa wapi, nani aliufungua, alisema nini kwa nani, nani aliufuta. Inachukua dakika ishirini, haina gharama, na mara nyingi itakulazimisha kubadili orodha ya watu unaotaka kuwahoji. Simu ni ya nani? Hilo ndilo swali la kwanza la utafiti wako, hata kama kwenye dodoso ulidhani ni kipengele cha utangulizi tu.

Mfumo wa m-mama unaonyesha jambo hilohilo kwa ukali zaidi. Ulianzia Sengerema na Shinyanga kabla ya kusambazwa nchi nzima: unapigwa namba 115 bure, kituo cha uratibu kinamtafutia mama gari la wagonjwa, na likikosekana anaitwa dereva wa kijamii aliyesajiliwa, ambaye hulipwa kwa simu. Hapa mama mwenye uchungu huenda asiguse kifaa chochote, na bado yeye ndiye aliyebeba uzoefu wote. Anayepiga ni muuguzi au jirani. Anayejibu yuko mbali. Anayeendesha anafikiria barabara ya mchanga na bei ya mafuta. Na anayeamua kama mama aondoke anaweza kuwa mtu ambaye hakuna fomu inayomtaja. Wamwera, kama Wamakonde, Wayao na Wamakua, kwa jadi ni watu wa ukoo wa kikeni, na neno la mjomba bado lina uzito ndani ya familia nyingi. Mbinu inayofaa hapa ni kulijenga upya tukio. Chukua rufaa moja iliyokwisha, isiyozidi wiki chache, kisha kusanya simulizi ya kila aliyeshiriki, kila mmoja kwa wakati wake: mama, ndugu aliyekuwa naye, aliyepiga simu, dereva, muuguzi wa pale alipopelekwa. Ziweke simulizi hizo kwenye mstari mmoja wa saa. Mahali ambapo saa hazikubaliani ndipo utafiti wako ulipo. Matukio manane yaliyofuatwa hivyo yatakufundisha kuliko akina mama arobaini walioulizwa, kila mmoja peke yake, kama huduma iliwaridhisha.

Kwenye kituo cha afya, macho kwanza. Muuguzi wa kliniki ya wajawazito ana kitabu namba 6 cha MTUHA (mfumo wa serikali wa kumbukumbu za afya), ana kadi ya mama, ana fomu ya maabara, na sasa ana skrini. Swali la uzoefu ni hili: kati ya hivyo vinne, mkono wake unakwenda wapi kwanza, na kipi hujazwa jioni wateja wakishaondoka? Programu ya kumwongoza mhudumu inayojazwa saa tisa alasiri haimwongozi mtu; imekuwa daftari lingine la kumbukumbu, hata kama takwimu zake zote zitaonekana safi huko juu. Hili huwezi kuliuliza ukajibiwa sawasawa. Asiyetaka kukudanganya pia atashindwa kukueleza, kwa sababu kazi ya mazoea haikumbukwi hatua kwa hatua. Kaa siku mbili kamili kwa uchache, moja ya kliniki na moja ya kawaida. Kaa walipokaa wateja, si nyuma ya bega la muuguzi. Andika saa na vitendo, si hukumu: saa nne na dakika kumi skrini imezima, saa nne na robo simu yake binafsi imetumika kama kikokotoo. Angalia na karatasi zilizobandikwa ukutani, na yale maandishi ya kalamu pembeni ya kitabu. Mahali ambapo mtu amebuni njia yake ya mkato, mfumo umeshindwa kumfaa hapo, naye amekwisha kukuandikia matokeo.

Pingamizi la kwanza litakuja hapa, nalo ni la haki: mtu akijua anatazamwa hubadilika. Ni kweli, na kwenye zahanati zetu ubadilikaji huo una sura yake maalumu. Mgeni mwenye daftari anaeleweka kuwa msimamizi kutoka halmashauri au mkoani, na usimamizi, hata ukiitwa shirikishi, huacha maelekezo na wakati mwingine lawama. Lakini pingamizi hili, ukilipeleka mpaka mwisho, linaigonga zaidi mbinu ya mahojiano. Mtu anaweza kuigiza kwa maneno kwa saa nzima pasipo gharama yoyote. Foleni ya wajawazito thelathini haimpi nafasi ya kuigiza mpaka saa nane mchana. Kufika saa tano atakuwa amerudi kwenye njia yake ya kila siku. Kinachohitajika ni kumwondolea hofu mapema. Usifike na gari la idara kama unaweza kupanda bodaboda. Usiandike jina la kituo kwenye daftari lako. Na badala ya kumwomba aionyeshe programu kama anayefanya mtihani, mwombe akufundishe. Vitabu vya mbinu vitakuambia umtake mtumiaji aongee peke yake huku akibonyeza, akitamka kila anachofikiri. Kwa mtu mzima mbele ya kijana mgeni jambo hilo ni la ajabu kidogo, na wengi hunyamaza. Ukiwa mwanafunzi wake mambo hugeuka. Atakuambia hapa usibonyeze haraka, hapa hujirudia, hapa mimi huruka, na kila kuruka ni taarifa.

Ndipo mahojiano ya kina yanapopata maana yake, kwa kuwa sasa una jambo la kuulizia. Swali la "unaionaje programu" lifute kabisa. Liweke hili: jana saa nne nilikuona umefunga kishikwambi ukaandika kitabuni, kulikuwa na nini? Hilo halijibiwi kwa sifa. Kwa mama nyumbani hali ni ileile: anza na siku, na tukio, na ujumbe fulani, si na maoni. Nani ahoji, hilo nalo ni sehemu ya mbinu, si suala la ajira tu. Katika jamii ambayo mambo ya uzazi hufundishwa unyagoni na huwa na lugha yake, kijana wa kiume kutoka chuoni atapewa maelezo ya kliniki, si ya nyumbani. Mwanamke aliyezaa, anayejua kuketi mkekani na kunyamaza kwa wakati wake, atasikia mengine. Bibi anayemwangalia mzazi huenda akawa na uhuru zaidi katika Kimwera kuliko katika Kiswahili. Tafuta msaidizi anayekijua kutoka kata nyingine, kwa sababu wa kijijini hapohapo atakuwa ndugu wa mtu. Na kumbuka kwamba kumsikiliza mkwe wa mtu mbele ya mkwe wake ni kumfunga mdomo mmoja wao.

Majadiliano ya vikundi nimeyaweka nyuma kwa makusudi, ingawa ndiyo mbinu inayopendwa na miradi. Yanapendwa kwa sababu siku moja hukupa watu kumi, soda na picha ya ripoti. Kikundi kina nguvu yake halisi: kinakuambia nini kinachoruhusiwa kusemwa hadharani. Ukitaka kujua kijiji kinasema nini juu ya mwanamke anayepokea ujumbe wa siri kwenye simu, au kinamwelewaje mhudumu wa afya ngazi ya jamii anayeandika majina ya watu kwenye kishikwambi, kikundi kitakupa kauli za watu, vicheko vyao na minong'ono yao. Utani wa kusini unaweza hata kukusaidia, maana mtani anaweza kumwambia mtani mwenzake ukweli ambao mwingine angeumeza. Lakini usikitumie kikundi kutafuta kile mtu alichopitia yeye. Hakuna atakayesema mbele ya majirani kwamba ujumbe wa kumkumbusha dawa za kufubaza virusi ulisomwa na mumewe. Na usiwaweke pamoja mganga mfawidhi na wahudumu walio chini yake. Hicho kitakuwa kikao cha kazi, na mwenye cheo ndiye atakayekujibu kwa niaba ya wote.

Kuna jambo ambalo miongozo mingi hulipitia juujuu, nalo kwangu ndilo linaloamua ubora wa kazi: lugha ya uchambuzi. Watafiti wetu wana desturi ya kurekodi kwa Kiswahili, kutafsiri haraka kwa Kiingereza, kisha kuchambua tafsiri. Turudi kwenye jibu tuliloanza nalo, mtandao unasumbua. Neno mtandao kinywani mwa muuguzi linaweza kuwa mawimbi ya simu, bando lililokwisha, seva iliyo mbali, programu iliyoganda, au nywila aliyoisahau na hataki kukiri. Neno mfumo nalo linaweza kuwa programu, utaratibu wa kazi, au serikali nzima. Ukilitafsiri siku ya kwanza umekwisha kuchagua maana kwa niaba yake, na ripoti itapendekeza mnara wa simu mahali palipohitaji mafunzo ya nusu saa. Mfano wa zamani unatisha zaidi. Utafiti uliofanywa Bagamoyo miaka ya 1990 ulionyesha kwamba wazazi wengi hawakuitazama degedege kuwa ni malaria. Waliiona kuwa ugonjwa mwingine, wenye chanzo kingine, wa kupelekwa kwanza kwa mganga wa kienyeji, wakati kwa daktari ilikuwa dalili ya malaria kali. Ujumbe wa simu unaosema mtoto mwenye dalili za malaria apelekwe zahanati ungemfikia mzazi huyo, ungesomwa, ungeeleweka, na usingemhusu. Hakuna takwimu ya ujumbe uliopokelewa ambayo ingekuonyesha pengo hilo. Kwa hiyo chambua katika Kiswahili, weka orodha ya maneno yenye maana nyingi, rudi na orodha hiyo kwa wasemaji wenyewe, na tafsiri dondoo zile tu utakazozichapisha. Njia ya uchambuzi wa dhamira iliyoelezwa na Braun na Clarke mwaka 2006 inatumika vizuri katika lugha yoyote. Hakuna kinachoilazimisha ivae Kiingereza.

Pingamizi la pili ni la idadi. Mfadhili, na wakati mwingine mganga mkuu wa wilaya, atauliza: watu ishirini wanawezaje kuisemea wilaya? Jibu la desturi ni kutaja utafiti wa Guest na wenzake wa mwaka 2006, uliochambua mahojiano sitini ya wanawake wa Ghana na Nigeria na kukuta kwamba sehemu kubwa ya mawazo ilikwisha kujitokeza kufikia mahojiano ya kumi na mbili. Lakini wale walikuwa watu wanaofanana, waliulizwa mambo yanayofanana. Ukimweka mama wa Nachingwea mjini, muuguzi wa zahanati ya mbali na dereva kwenye kapu moja, kumi na mbili ni wachache sana. Fikra ya Malterud na wenzake, kwamba idadi itokane na uzito wa taarifa zenyewe, inafaa zaidi: kadiri swali lako lilivyo jembamba na watu wako walivyo karibu na jambo, ndivyo unavyohitaji wachache. Na kuisemea wilaya si kazi yako. Kazi yako ni kueleza namna jambo linavyotokea, ili aliyeko Liwale au Kilwa alitambue akiliona. Idadi ya vituo ambavyo jambo hilo linatokea waachie wenye dodoso, na wape maswali bora ya kuuliza.

La tatu ni jipya: kwa nini kuhangaika, wakati mfumo wenyewe unarekodi kila mbonyezo? Kumbukumbu hizo zitake, ni hazina. Zitakuonyesha kituo ambacho fomu thelathini zilijazwa ndani ya dakika arobaini usiku. Ila hazitakuambia kama ni uvivu, ni umeme uliorudi usiku, au ni muuguzi mmoja aliyekuwa peke yake mchana kutwa. Zitumie kuchagua mahali pa kwenda kutazama. Gharama je? Siku mbili za kukaa kituoni zinalingana na siku mbili za vikundi ukiondoa soda, ukumbi na nauli za watu ishirini. Kinachogharimu kweli ni muda wa kusikiliza kanda na kuandika, na huo utaulipa kwa mbinu yoyote.

Vibali nitavitaja kwa ufupi kwa sababu njia yake inajulikana: maadili kupitia Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, kisha katibu tawala wa mkoa, mkurugenzi na mganga mkuu wa wilaya, mtendaji wa kata, mpaka mwenyekiti wa kitongoji. Usiruke ngazi, hata ile inayoonekana ndogo. Kinachohitaji fikra zaidi ni simu yenyewe. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inaziweka taarifa za afya kwenye kundi nyeti, lakini hata bila sheria, kumwomba mtu afungue ujumbe wake ni kuingia chumbani mwake. Idhini ya mwenye laini si idhini ya mwenye ujumbe. Muulize kila mmoja peke yake, usipige picha ya skrini yenye namba au jina, na kama unaona kwamba kuuliza tu kutazua ugomvi ndani ya nyumba, acha.

Ukimaliza, kabla ripoti haijaenda Dodoma, rudi na kurasa mbili za Kiswahili kwenye vituo ulivyokaa, uwasomee wahudumu ulichoelewa, uwaache wakusahihishe. Na panga ratiba yako kwa kalenda yao, si ya chuo. Mvua zikishika, familia nyingi hulala mashambani na barabara za ndani hukatika. Kuanzia Oktoba korosho zinaanza kuuzwa kwenye minada ya chama kikuu cha ushirika cha RUNALI, na hapo hakuna mwenye saa mbili za kukaa na mgeni. Miezi ya baada ya ufuta, Julai mpaka Agosti, ndiyo utakayowakuta watu nyumbani. Barua ya kuomba kibali iandike mwezi Januari.